Kutu Hulia Ndani: Kupaka Chesisi Pale Brashi Isipofika

Magari mengi ya Malindi ukiyachungulia chini utayaona meusi, yanang'aa, kama yaliyopakwa juzi. Chukua nyundo ndogo ugonge ule weusi karibu na kishikio cha springi za nyuma, kisha usikilize. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilicholiwa hulia kama debe la mchanga, na ukigonga tena utasikia magamba yakiporomoka kwa ndani. Hilo ndilo tatizo letu la pwani. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, za pikapu na Land Cruiser kwa sehemu kubwa ni maboksi yaliyofungwa, na kutu huanzia ndani ya boksi, upande ambao mafundi wengi hawaugusi. Tundu likija kuonekana kwa nje, ujue kazi ilishakwisha ndani zamani.

Sababu kubwa ni tabia ya chumvi yenyewe. Chumvi tupu ya mezani huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na hapa kwetu usiku hewa hupita kiwango hicho mara kwa mara. Ya bahari ni mbaya zaidi, kwa sababu imechanganyika na magnesi kloridi, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33. Kwa hiyo boksi la chesisi lililoingia chumvi ya bahari halikauki sawasawa, hata gari lishinde juani mchana kutwa wa kaskazi. Na chumvi haiishi kwa kufanya kazi yake. Inakisaidia chuma kuoza, inabaki pale pale, inaendelea.

Inaingia kwa njia nyingi. Upepo wa kusi huleta vumbi la maji ya bahari mpaka barabarani. Pikapu za samaki hudondosha maji ya barafu sakafuni, yakapenya kwenye matundu ya bolti. Malori ya Gongoni yanabeba chumvi yenyewe. Wapo wanaoteremsha gari mchangani Mambrui. Kuna pia chumvi inayokuja na gari kutoka Japani: sehemu za theluji kama Hokkaido humwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi, na kwa kuwa Kenya inaruhusu magari ya hadi miaka 8, gari jipya kwako linaweza kuwa limeshapita majira kadhaa ya namna hiyo. Wala usidhani hili ni jambo la magari makuukuu ya pwani tu. Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali mapatano yanayoweza kufika dola bilioni 3.4 kuhusu magari kama milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa madai kwamba chesisi zake hazikupewa kinga ya kutosha dhidi ya kutu.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: rangi ipakwe pale unapoweza kuona na kusugua, pale usipoweza kusugua, tia nta, ile ya kuzuia kutu inayopulizwa. Rangi inataka chuma safi na kikavu. Ukiipuliza ndani ya boksi juu ya kutu na mchanga itashika mchanga, kisha itabanduka nao. Isitoshe, ndani ya boksi tina, yaani kiyeyusho cha rangi, haina pa kutokea, kwa hiyo rangi hukauka ngozi ya juu na kubaki laini chini kwa wiki nyingi. Nta au mafuta mazito hayahitaji usafi wa kiasi hicho. Yanatambaa, yanaingia chini ya kutu na katikati ya mabamba mawili yaliyobanana, yanafukuza maji. Wajenzi wa majahazi wanaijua siri hii: chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, ili mafuta yazame ndani ya mbao. Robert Fergusson, nahodha wa Kiskoti, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yakizuia kutu, na kutokana na hilo akaanzisha kampuni ya rangi ya Rust-Oleum huko Marekani mwaka 1921. Simwambii mtu amimine sifa ndani ya gari, harufu yake haitoki, lakini akili ni moja.

Kuosha ndiyo robo tatu ya kazi

Hapa sitaki haraka. Chumvi ikibaki chini ya rangi, rangi itatoa malengelenge, iwe ya bei gani. Na kosa la kwanza ni maji yenyewe. Visima vingi vya Malindi vina maji ya chumvichumvi, na ndiyo yanayotumika kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari. Ukiosha chesisi kwa maji hayo umeongeza ulichotaka kuondoa. Tumia maji ya bomba, yale yanayotoka Baricho, au maji ya mvua uliyokinga. Ukiyatilia shaka, dondosha tone kwenye kioo, liache likauke: likiacha ukungu mweupe mzito, tafuta mengine, angalau kwa suuza ya mwisho.

Chomoa vizibo vyote vya mpira kwenye mihimili miwili mirefu na kwenye vyuma vya kukingama. Tafuta matundu ya kutolea maji upande wa chini. Mengi yatakuwa yamezibwa na tope lililokauka, na hapo hasa, nyuma ya tope, ndipo chuma huwa kimelika. Yazibue kwa bisibisi, usiyaongeze ukubwa. Kisha ingiza mpira wa maji kutoka mbele, ulaze gari likiinamia nyuma kidogo, uache maji yapite mpaka yatoke bila mchanga. Malizia kila upande kwa mtungi mmoja wa lita 20 wa maji safi kabisa. Acha likauke siku moja, rudia siku ya pili. Kurudia si mapambo: chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu haitoki mara moja. Kutu ikikauka hupasuka kidogo, na maji ya pili yanafika pale ya kwanza yasipofika.

Kukausha kuna mtego wake. Mtu huleta kompresa apulize ndani, kumbe tangi la kompresa limejaa maji, maana hewa yetu ina unyevu mwingi na ikibanwa humwaga maji. Fungua vali ya chini ya tangi umwage kabla ya kuanza, na tena kila baada ya nusu saa. Puliza mpaka usione tone, kisha liache gari juani siku mbili vizibo vikiwa nje. Kazi hii yote naipendekeza Januari na Februari, kaskazi ikiwa kavu na masika bado mbali.

Usalama kwanza, kwa ufupi: gari lisimame kwenye stendi za chuma nne, si jeki peke yake, na kamwe si matofali ya mawe ya matumbawe tunayojengea. Jiwe hilo hupasuka ghafla likibebeshwa uzito mahali padogo. Chomoa waya hasi wa betri. Vaa miwani, na barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali; ile ya kitambaa haizuii tina.

Sehemu za nusu kufikika

Kati ya nje inayoonekana na ndani ya boksi kuna sehemu ambazo ndizo zinazowashinda wengi: mgongo wa chesisi chini ya bodi, nyuma ya tangi la mafuta, juu ya ekseli ya nyuma pale mhimili unapopinda, na nyuma ya vishikio. Hizi zinahitaji rangi, na zinafikika ukiwa na ujanja.

Kwenye pikapu, ujanja wa kwanza ni kung'oa bodi ya mizigo. Mara nyingi ni bolti 6 au 8, pamoja na waya za taa za nyuma na shingo ya kutilia mafuta. Watu wanne wanainyanyua. Kwa saa mbili za kazi umefungua nusu ya chesisi nzima, na nusu yenyewe ndiyo inayooza zaidi. Bolti zikikataa, zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Ukilazimisha utazikata, na nati za ndani zilizochomelewa zitazunguka bure.

Bodi isiyong'oka, kama ya kabini, unaweza kuilegeza bolti za upande mmoja na kuinyanyua sentimita 3 kwa jeki juu ya ubao mnene. Usizidishe. Kabla ya kunyanyua angalia kiungo cha usukani, mipira ya rejeta, kava la feni na waya za injini. Kimojawapo kikikaza, simama.

Pasipo na nafasi ya brashi, tumia utepe. Kata sponji au zulia kuukuu upana wa sentimita 3, urefu wa sentimita 60, funga mshipi wa kuvulia samaki kila ncha, upitishe juu ya mgongo wa chesisi, uloweke rangi, kisha mtu mmoja avute upande huu na mwingine upande ule, kama wanaopasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Utepe huohuo, kabla ya rangi, ukivikwa msasa namba 80 unasugua kutu vilevile. Kwenye kona za vishikio, glavu ya mpira ikivishwa soksi iliyolowekwa rangi inafanya kazi kuliko brashi yoyote, kwa sababu vidole vinahisi pale jicho lisipoona. Kwingine kata mpini wa brashi ya inchi moja, uufunge kwenye waya mnene uliokunjwa nyuzi 90. Kioo kidogo na tochi viwe mkononi muda wote, na upande wowote usiouona kwenye kioo uhesabu kuwa haujapakwa.

Utaratibu wa rangi ni huu. Magamba yaondolewe kwa patasi na nyundo, kisha brashi ya waya. Karibu na tangi la mafuta hakuna grainda hata mara moja. Huko ni kwa mkono, tangi likiwa limepungua mafuta na kushushwa sentimita 10 kwa jeki. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha, pangusa kwa kitambaa chenye tina. Kutu nyembamba iliyobaki ipakwe dawa ya kugeuza kutu. Dawa hizi huwa na asidi ya fosfori au ya tanini, jamii ileile ya tanini iliyo kwenye gome la mkoko, nayo huungana na kutu ikawa nyeusi na imara. Iache saa 24. Dawa hiyo haigeuzi gamba nene, inapaka uso wake tu. Wala usiimwage ndani ya boksi lililofungwa, kwa sababu ziada isiyokutana na kutu hutuama kwenye maungio na kubaki chachu.

Kabla ya kupaka, jaribu hili: lowanisha sehemu ndogo ya chuma kwa kitambaa. Ikikauka ndani ya dakika 15, paka. Ikichelewa, hewa bado nzito. Kwa kawaida muda mzuri kwetu ni saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Asubuhi mapema chuma huwa na umande usiouona kwa macho.

Anza na pembe, michirizi ya weldi na vichwa vya bolti, kwa brashi, mkono (tabaka) wa kwanza peke yake. Rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye pembe kali, ndiyo maana kutu ya pili siku zote huanzia pembeni. Pembe zikishika, ndipo upake mahali pote mikono miwili. Rangi nyekundu ya oksaidi ya madukani ni ya chini tu. Ikiachwa peke yake hupitisha maji, na wengi wanaoilalamikia hawakuifunika. Ya kuchanganya sehemu mbili, epoksi, ndiyo ninayoiamini zaidi kwa chesisi, ila joto letu huigandisha mapema: muda wa kuitumia unaosomwa kwenye kopo hupimwa mara nyingi kwenye nyuzi 20, na kwa nyuzi 30 ukadirie nusu yake. Changanya robo lita kwa mara moja, usimwage pesa. Kuna pia rangi ngumu zinazokauka kwa kuvuta unyevu wa hewani. Zinashika vizuri kutu iliyosafishwa, hazishiki chuma laini kisichokwaruzwa, na haziwezi jua, lakini chini ya gari hakuna jua. Mkono wa pili upakwe wakati wa kwanza bado unanata kidogo kidoleni bila kutoka. Ukichelewa mpaka uwe mgumu, itabidi usugue tena kwa msasa. Weka karatasi ya nailoni chini ya mfuniko wa kopo, la sivyo halitafunguka tena.

Usipake mipira ya vishikio vya bodi, mabomba ya breki ya mpira, propela, diski, vihisio, wala mahali pa waya wa ati, ule unaounga umeme na bodi. Ekzosi nayo iache.

Ndani ya boksi

Ikiwa kuna mahali panapohitaji weldi, weldi ifanywe sasa, kabla ya nta. Kuchomelea boksi lenye nta au mvuke wake ni kuwasha moto usioweza kuufikia. Na weldi yoyote, hata ya zamani, huunguza rangi ya upande wa ndani, kwa hiyo nyuma ya kila kiraka pana chuma kitupu. Pawekee alama kwa chaki kwa nje, ujue pa kurudia.

Kifaa cha kupulizia unaweza kukitengeneza. Chukua mpira wa nailoni wa hewa wa nje milimita 6, ndani milimita 4, urefu wa mita 2.5. Ziba ncha kwa kipande cha shaba au skrubu iliyokaza. Sentimita moja kutoka ncha toboa matundu 6 ya milimita 1 kuuzunguka mpira, na mawili yaelekee mbele kidogo. Kwa sehemu fupi zilizonyooka, bomba la breki la shaba la milimita 4.75 ni bora, kwa kuwa halipindi. Funga utepe wa rangi kila sentimita 50, ili ujue ncha iko wapi. Kisha jaribu nje kwanza: ingiza ncha ndani ya boksi la karatasi gumu, puliza, lipasue uangalie. Ukiona mstari mmoja uliolowa na kwingine kukavu, tundu limeziba. Hiki ndicho kipimo wanachokiruka wengi, kisha wanajaza nta upande mmoja tu wa chesisi.

Shinikizo la kompresa liwe kati ya psi 60 na 80. Nta ikiwa nzito, weka kopo kwenye ndoo ya maji ya moto yaliyokwisha kutolewa jikoni, au liache juani saa moja. Moto usiisogelee. Chagua nta iliyoandikwa kuhimili joto, maana ile laini ya nchi za baridi hudondoka yote hapa ifikapo Machi. Mishumaa iliyoyeyushwa haifai kabisa, hukauka ikapasuka.

Kiasi? Piga hesabu. Mhimili wa mita 5 wenye boksi la sentimita 15 kwa 7 una mzingo wa sentimita 44, yaani mita za mraba 2.2. Miwili ni 4.4. Ongeza vyuma vya kukingama, sema 6 jumla. Unene wa milimita 0.2 unataka lita 1.2. Ukihesabu inayopotea na mpulizo wa pili, nunua lita 2. Aliyemaliza chesisi nzima kwa kopo la nusu lita hakupaka, alinukisha.

Ingiza mpira mpaka mwisho kabisa, fungua hewa, kisha uvute nje polepole, sentimita 10 kwa hesabu ya moja hadi tatu, huku ukiuzungusha kwa vidole. Usipulize ukiwa unaingiza. Ndani mna vibomba vya kupitishia bolti za bodi na mabamba ya kuimarisha; mpira ukigota, usilazimishe, ingia kwa tundu la upande wa pili. Nta ikianza kudondoka kwenye matundu ya chini na kuchuruzika kwenye maungio, hapo imefika. Kamera ndogo ya waya inayoungwa kwenye simu itakuonyesha yaliyobaki, nayo ni nafuu kuliko chesisi. Siku ya pili rudia, hasa pale ulipoweka chaki.

Kwa Probox, Noah na gari lolote lisilo na chesisi ya kutenganishwa, njia ni ileile. Boksi unalolitafuta liko chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na ndani ya mihimili miwili ya mbele chini ya betri. Mlango wenyewe usiusahau, kwani ukingo wake wa chini una matundu madogo ya maji yanayozibwa na rangi ya mafundi.

Kuhusu oili chafu ambayo wengi humwaga bure: siitaki. Ina asidi na masizi yaliyotoka kwenye injini, ina sumu kwa ngozi, inavimbisha mipira ya vishikio, na mvua ya kwanza ya masika inaipeleka mitaroni na baharini. Aliyekosa nta achukue oili mpya ya gia, aikorogee grisi kidogo kidogo mpaka iwe kama uji mwepesi unaopita kwenye matundu ya milimita 1, akijua kwamba ataipuliza upya kila mwaka. Lami nene juu ya kutu ni mbaya kuliko kutopaka, kwa kuwa hupasuka, maji yakaingia nyuma yake, na hutayaona tena.

Siku ya tatu, nta ikiwa imetulia, pitisha waya katika kila tundu la kutolea maji, moja baada ya jingine. Nta hupenda kuyaziba. Ndipo urudishe vizibo vya upande wa juu na ubavuni. Ya chini kabisa yaache wazi.